Kwa nini gradienti haielekei kileleni?

Mwanafunzi, mwaka wa pili
Hamjambo wenzangu. Tulifundishwa kwamba gradienti, yaani vekta inayoonyesha fanksheni inabadilika kwa kasi gani kuelekea x na kuelekea y, huelekea upande ambako fanksheni inapanda kwa kasi zaidi. Nimechukua kilima chenye kimo z = 2400 − 3x² − y² kwa mita, huku x na y zikipimwa kwa mamia ya mita, na kilele kikiwa (0, 0). Kwenye nukta (1, 2) napata gradienti (−6, −4), ilhali kilele kiko upande wa (−1, −2). Nimerudia hesabu mara tatu. Nimekosea wapi?

Mwalimu wa hisabati
Hujakosea. Gradienti haijui kilele kiko wapi. Inajua tu mwinuko wa pale unaposimama. Kasi ya kupanda kuelekea upande wowote ni urefu wa gradienti mara kosaini ya pembe iliyo kati ya gradienti na upande huo, na kosaini hufika 1 pale tu pembe inapokuwa sufuri. Ukianza kwa kufuata gradienti, unapanda √52, yaani takriban mita 7.2 kwa kila mita mia za mlalo. Ukianza kuelekea kileleni moja kwa moja, unapanda 14/√5, takriban mita 6.3. Kumbuka pia kwamba vekta ya gradienti imelala kwenye bapa la x na y, kama mshale uliochorwa kwenye ramani.

Mpima ardhi, Nairobi
Naomba kuongezea jambo ambalo ramani hulionyesha vizuri. Ukitembea juu ya kontua, yaani mstari wa ramani unaounganisha mahali penye kimo sawa, hupandi wala hushuki, kwa hiyo gradienti lazima iikate kontua kwa pembe mraba. Kontua za kilima chako ni duaradufu, na mstari unaoikata duaradufu kwa pembe mraba kwa kawaida haupiti katikati yake. Zingekuwa duara, ungeelekea kileleni kama ulivyotarajia. Milima ya Ngong iko hivyo hivyo: mgongo wake umenyooka kutoka kaskazini hadi kusini, na ukisimama ubavuni upande wa Nairobi, mwinuko mkali zaidi unakupeleka mgongoni, si kwenye kilele cha mita 2,460.

Mwanafunzi, mwaka wa pili
Asanteni sana. Nimefuata gradienti hatua kwa hatua, nikiikokotoa upya kila mahali, na njia niliyopata ni x = y³/8. Inapofika y = 1, yaani mita mia kutoka kileleni, x ni mita 12.5 tu: nimeshafika karibu kabisa na mgongo wa kilima (mstari x = 0), na kilichobaki ni kuufuata hadi juu.