Re: Mtoto kaokota shoka la jiwe shambani, tufanyeje?

Wana-list habari za jumapili. Naomba msaada wenu, kijana wangu wa darasa la sita kaokota kitu kama shoka la jiwe kwenye shamba la jirani huku Fyn, kisiwa cha Denmark, limechongwa vizuri na upande mmoja linateleza kabisa. Jirani kasema chukueni tu. Baba yake anataka kulisugua na brashi ya chuma halafu tulitume Tanga kwa babu, je inaruhusiwa? Na bahati nzuri au mbaya mwalimu kawapa kazi waandike habari za Worsaae yule wa mambo ya kale, sijui hata tuanzie wapi.
Mama wa Odense

---

Dada salaam. Mwambie shemeji aiweke hiyo brashi pembeni na maji asitie, udongo ulioganda pale wataalamu wanauhitaji.

Sheria ya hapa iko hivi. Kuna kitu kinaitwa danefæ, yaani vitu vya kale vya thamani, dhahabu, fedha, sarafu za zamani, mapambo, ukiviokota ni mali ya serikali hata kama ni kwenye bustani yako mwenyewe, na mzizi wake ni wa zamani mno, sheria ya Jutland (ile rasi ya Denmark) ya 1241 ilishasema ni mali ya mfalme. Unapeleka makumbusho ya karibu, wao wanafikisha Nationalmuseet, makumbusho ya taifa kule Copenhagen, ikithibitika ni danefæ unalipwa fidia na wanaangalia pia ulivyokitunza. Mashoka ya mawe ya kawaida mara nyingi mnarudishiwa, lakini waone wao kwanza. Kutuma Tanga ni habari nyingine kabisa, kitu cha kabla ya 1660 hakitoki nchini bila kibali cha Kulturværdiudvalget, kamati inayolinda vitu vya urithi visitoke nchini, kwa hiyo babu atumiwe picha tu kwa sasa.

Halafu leo leo kabla mvua haijanyesha rudini pale pale. Pigeni picha, wekeni pini kwenye ramani ya simu, kijana aandike shoka lilikuwa kina gani na pembeni kulikuwa na nini, mkaa, mifupa, vigae vya vyungu. Msichimbe. Nasisitiza hili kwa sababu ndilo somo kubwa la huyo huyo Worsaae, kwamba vitu vilivyokutwa pamoja kaburini kwa kawaida vilifukiwa wakati mmoja, basi ukikijua kimoja unapata umri wa vingine, na ukikiondoa kitu bila kuandika mahali pake umefuta nusu ya habari.

Jens Jacob Asmussen Worsaae kazaliwa Vejle, 1821, na tangu utoto alikuwa anakusanya vitu vya kale. Alipofika Copenhagen akajitolea makumbusho chini ya Christian Jürgensen Thomsen, yule mzee aliyegawa historia kuwa zama za mawe, shaba na chuma. Wale tuliosoma historia nyumbani tulikariri zama za mawe na zama za chuma bila kuambiwa mpangilio ulitokea kwenye makabati ya Copenhagen (kwetu sehemu kubwa ya bara tulitoka kwenye mawe tukaingia chuma moja kwa moja, ndio maana ile ya shaba hatukuisikia sana). Worsaae kafanya kazi bila mshahara, alipoomba alipwe Thomsen akakataa, akaenda kwa mfalme Christian VIII na mfalme akamshika mkono. Mwaka 1843 kitabu chake kikubwa juu ya Denmark ya kale kikatoka, ana miaka 22.

Lakini kinachonifanya nimpende ni ule mwili wa Haraldskær. Mwaka 1835 wachimba mboji karibu na Vejle walikuta mwili wa mwanamke kwenye kinamasi, ngozi na nywele bado zipo. Wakubwa wakasema huyu ni malkia Gunhild, yule wa Norway wa karne ya kumi, mfalme wa wakati ule akatoa jeneza zuri la kuchongwa, akalazwa kanisa la Sankt Nicolai. Worsaae, kijana wa mji ule ule, akaandika kwamba si malkia, ni mtu wa zama za chuma. Fikiria uwabishie wakubwa na jeneza la mfalme tayari limeshatolewa! Mwaka 1977 walipompima umri kwa kaboni ikaonekana ni wa karibu 490 kabla ya Kristo, yaani alitangulia zaidi ya miaka elfu moja kabla ya Gunhild. Na ule mwamba wa Runamo kule Blekinge, Sweden, msomi mmoja mkubwa alishasoma shairi zima la kale pale, Worsaae kaenda mwenyewe kuangalia, akaonyesha ni nyufa za jiwe tu.

Mwanao aanzie hapo kwa Haraldskær, vyeo aviweke mwisho: alimrithi Thomsen makumbusho 1866, akawa waziri 1874 hadi 1875, akafariki 1885.
Kaka yenu, Vejle

---

Kaka ahsante sana, Mungu akubariki. Tumerudi shambani, pembeni kuna vipande vingine vya jiwe la aina ile ile, tumepiga picha tumeviacha. Shoka liko kwenye boksi la viatu na udongo wake, baba yake kakubali. Kijana anauliza huyo mwanamke bado yupo kanisani, anaonekana?

---

Yupo, jeneza lina kioo juu, unamwona kabisa. Mkija Vejle pigeni simu kanisani kwanza, kukiwa na mazishi au harusi hamtaingia. Na mkienda Copenhagen, Nationalmuseet watoto chini ya miaka 18 hawalipi, mtalipa nyie wawili tu.