Kusafiri peke yako ukiwa na kadi ya kijani ya miaka miwili: tupeane uzoefu

Salaam wapendwa. Wiki iliyopita binti mmoja wa kwetu alinipigia simu analia. Baba yake kalazwa Tanga, yeye yuko Marekani kwa ndoa, hajamaliza mwaka, na mumewe kamwambia, "Ukitoka bila mimi, hurudi." Maneno hayo hayo niliambiwa mimi mwaka 2023, tena na watu wazima wenye kadi zao mkononi, nusura niyaamini.

Kama siku ulipopewa ukaazi ndoa yenu ilikuwa haijatimiza miaka miwili, kadi yako ya kijani, yaani green card, kadi ya ukaazi wa Marekani, imeandikwa CR1, au CR6 kwa aliyebadilishiwa hadhi kuwa mkaazi akiwa humo humo Marekani, na inaisha baada ya miaka 2. Sharti lake ni kwamba ndani ya siku 90 kabla haijaisha, wewe na mwenzako mpeleke fomu I-751 kuonyesha kuwa ndoa ni ya kweli. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba lazima muongozane kwenye ndege. Kadi ikiwa hai na pasipoti ikiwa hai, unatoka na kurudi kama mkaazi mwingine yeyote.

Mimi mama aliugua. Mume wangu alikuwa kaanza kazi mpya ghalani, hana siku za likizo, nikaenda peke yangu. Kwenda hakukuwa na neno. Kurudi, pale Dar, dada wa kaunta akashika kadi mkono huu na pasipoti mkono huu, anaangalia, anaangalia tena. Kadi ina jina la mume, pasipoti ina jina la baba yangu. Cheti cha ndoa nilikuwa nacho, ila kiko chini kabisa ya begi lililokwisha kupimwa. Nikalifungua pale pale sakafuni, vitenge vikatoka, watu wanasubiri nyuma yangu, mikono inatetemeka. Tangu siku hiyo cheti cha ndoa kinakaa kwenye mkoba wa begani pamoja na pasipoti.

Chicago afisa aliniuliza nimekaa nje siku ngapi, nilifuata nini, na mume wangu anafanya kazi gani. Siku 34, mama alikuwa mgonjwa, yuko ghalani. Akanirudishia kadi. Usiku ule wote kwenye ndege nilikuwa nimekariri majibu ya maswali ambayo hakuna aliyeniuliza.

Haya, wengine mleteni yenu.

*Kaka wa Minneapolis, kwetu Mombasa:*

Pole dada kwa kuuguliwa na mama. Langu lilikuwa la kadi iliyokwisha tarehe. Tulishapeleka I-751, tukapata ile barua ya kupokelewa inayoongeza uhai wa kadi kwa miezi 48. Zamani ilikuwa 24, ikabadilishwa Januari 2023. Kadi iliyokwisha pamoja na barua hiyo ni halali kurudia. Lakini kijana wa kaunta pale Nairobi hakuwa ameiona barua kama ile, akaniambia kadi imekufa, nikae kando. Nilikaa kando dakika arobaini, mke wangu Minneapolis ananipigia, sina la kumwambia. Sikugombana. Nikamuomba aniitie msimamizi wake. Mama mmoja akaja, akasoma barua, akahesabu miezi kwa vidole, akasema apite. Bebeni barua yenyewe asilia, msitegemee picha ya kwenye simu, na fikeni uwanjani mapema sana.

*Dada wa Houston:*

Mimi nilipitiliza. Nilikwenda Mwanza kumuuguza mama, mwezi ukazaa mwezi, nikarudi ukiwa mwezi wa saba tangu nitoke. Ukizidisha siku 180 hutazamwi tena kama mtu aliyetoka matembezini, unahojiwa upya. Nilipelekwa chumba cha pembeni, nikakaa saa tano. Afisa akanisogezea fomu I-407, akasema nikisaini mambo yatakwisha haraka. Jamani, hiyo ni fomu ya kuuacha ukaazi kwa hiari yako! Hulazimishwi kuisaini, na una haki ya kuomba kupelekwa mbele ya hakimu wa uhamiaji. Nikasema hivyo, kwa adabu, nikawaonyesha risiti za hospitali, mkataba wa nyumba wenye majina yetu mawili, na kodi tulizolipa pamoja. Wakanipitisha. Ila hesabu yangu ya miaka 3 ya kuombea uraia iliingia doa, maana kukaa nje zaidi ya miezi sita kunahesabiwa kuwa umeikata mpaka uthibitishe vingine. Na ukijua utafikisha mwaka au zaidi, omba kibali cha kurejea kwa fomu I-131 ukiwa bado Marekani. Ukishaondoka umechelewa.

*Mdau asiyetaka kutaja mji:*

Naandika kwa ajili ya yule binti. Mimi mume alikuja na mimi Dar, akarudi peke yake na kadi yangu mfukoni mwake. Nilidhani ndiyo basi. Ubalozi wa Marekani pale pale Dar unapokea ombi la fomu I-131A, unalipia, ukikubaliwa unapewa hati ya kupandia ndege. Ndivyo nilivyorudi. Na I-751 niliipeleka mwenyewe bila saini yake, sheria inaruhusu kwa aliyeachika au aliyenyanyaswa. Mwambieni kadi yake akae nayo yeye mwenyewe.

*Mwenye mada:*

Dada yangu, nimesoma ujumbe wako mara tatu. Nimemsomea na yule binti kwenye simu.

Binti kaondoka Jumamosi. Kadi inaisha mwakani, kwa hiyo ile barua ya kuongeza uhai wa kadi haihitaji, na kakata tiketi ya kurudi baada ya wiki tano. Cheti cha ndoa kiko kwenye mkoba wa begani. Jana alinitumia ujumbe kutoka wodini: baba kamtambua.