Jeli ya akrilamaidi haigandi, wiki ya pili sasa, wadau nisaidieni kabla sijarusha hizi glasi ukutani

chumvi_na_bafa:

Wakuu heshima kwenu. Niko Dar, nasoma masta, kazi yangu ni protini za seli za hamira, yaani nazikuza kwenye nyuzi 30 halafu nazihamishia kwenye 42 kwa muda mfupi, naangalia zile protini za kukinga joto zinavyopanda, hasa ile kubwa ya kilodaltoni 70 (kipimo cha uzito wa protini). Kukuza nimeweza, kuzipasua nimeweza (hamira ina ukuta mgumu kama nini, nilisaga na shanga za kioo mpaka mkono ukafa ganzi), protini nimepima zipo za kutosha kabisa. Nimekuja kukwama kwenye jeli, ile ya kutenganisha protini kwa ukubwa kwa kutumia umeme, kitu ambacho kila mtu anakwambia ni cha kufanya huku unapiga stori.

Natumia ya asilimia 10, mililita 10 nzima: maji 4.0, akrilamaidi ya 30% ni 3.3, Tris (bafa, ya kushikilia pH) ya 1.5 M yenye pH 8.8 ni 2.5, SDS (sabuni) ya 10% ni 0.1, APS ya 10% ni 0.1, TEMED mikrolita 4, hizi mbili za mwisho ndizo za kugandisha. Jumatatu nikamimina nikasubiri masaa mawili, maji matupu. Jumanne nikaongeza TEMED mara mbili, chini ikawa kama uji wa mgonjwa juu maji. Jumatano nikaweka TEMED mara tatu, ikaganda nikashangilia, kuja kutoa kitana (kile kinachochonga visima vya kuwekea sampuli) visima vyote vimeanguka kama nyumba ya matope, sampuli nikimwaga hapo inatambaa yote.

Msimamizi anasema nimekosea kupima tu. Mwenzangu wa benchi anasema ni mkono, ati kuna watu wana mkono wa jeli kama wengine walivyo na mkono wa chapati. Mimi nimeshaanza kuamini. Kuna mtu ashawahi kupitia hii kitu?

mama_pipeti:

Pole sana msomi, na huyo wa mkono wa chapati mwambie akae mbali na benchi yako. Mimi ni fundi wa maabara hapa Nairobi, nimemwaga hizi jeli nikiwa na mimba ya watoto wawili tofauti (na glavu mbili mbili, tutarudi hapo) na nakwambia hivi, usiongeze TEMED tena. Kila siku unabadilisha kitu kimoja na hujui kama ndicho kibaya.

Kwanza swali, ukimaliza kumimina ile inayobaki kwenye tyubu huwa unaipeleka wapi? Wengi wanamwaga. Usimwage, hiyo ndiyo shahidi wako. Iache hapo hapo mezani imefunikwa, nusu saa uinamishe. Ikiwa yote ni maji, dawa zako zimekufa, APS au TEMED. Ikiwa chini imeganda na juu kuna kautando ka maji, dawa ziko sawa, shida ni hewa. Ikiwa kwenye tyubu imeganda vizuri lakini kwenye glasi bado, angalia glasi zako, pengine zinavuja ama zimetoka kwenye friji.

Pili, hiyo APS ulichanganya lini? Na sio mchanganyiko tu, ule UNGA wenyewe, chupa ilifunguliwa lini? Unga wa APS unakula unyevu wa hewa unaharibika polepole, na Dar penye jasho namna hiyo chupa ikifunguliwa na kufungwa na kila mtu inakufa mapema. Kuna jaribio la bure, chukua unga kidogo weka maji, tega sikio. Ule mzima unapasuka pasuka ndani ya maji, unausikia kama chumvi kwenye moto. Uliokufa unayeyuka kimya kimya. Sikia kwanza halafu uje hapa.

polima_tu:

Nakazia alichosema dada hapo juu ila niongeze sababu mana ukijua sababu hutasumbuka tena maishani.

Mkuu hicho unachopika ni polima kama polima nyingine yoyote, tofauti ni kwamba wewe unaipikia kwenye vioo viwili. Akrilamaidi ni monoma, punje moja moja. APS ikivunjika inatoa radikali, yaani kitu chenye elektroni moja isiyo na mwenza, hiyo haitulii, inamshika monoma wa kwanza, monoma naye anageuka radikali anamshika wa pili, wa pili wa tatu, mnyororo unaenda hivyo. Ile bisi, yaani bisakrilamaidi, iliyomo kwenye chupa yako ya 30% ndiyo inafunga mnyororo huu na ule ukapata wavu badala ya kamba. TEMED kazi yake ni kuiharakisha APS ivunjike, yenyewe haianzishi kitu. Kwa hiyo kama APS imekufa unaweza kumwaga TEMED hata kikombe kizima, unamhimiza maiti atembee.

Sasa oksijeni ya hewa inapenda radikali kuliko chochote. Mnyororo ukikutana nayo unakatwa pale pale. Ndio mana juu kwenye hewa panabaki maji na chini panaganda, na ndio mana visima vyako vimeanguka, meno ya kitana yanashuka na hewa yake. Nguvu kidogo ya APS uliyobaki nayo inaishia kupigana na oksijeni. Fanya hivi, maji na Tris na akrilamaidi viweke kwenye chupa ya kuvutia hewa, vuta na pampu dakika 10 hadi 15, KABLA ya kuweka SDS mana ukishaweka SDS utapata povu la Omo. Ukishamimina jeli ya chini, ile inayotenganisha protini, weka juu yake tabaka la isopropanoli, taratibu kwa pembeni, inaziba hewa na inanyoosha ule mstari. Ikiganda mwaga, suuza, ndio umimine ya juu, ile yenye visima.

Na AC yenu iko ngapi? Hii kitu inaganda vizuri kwenye 23 mpaka 25. Watu wanaweka AC 18 kama wanahifadhi samaki halafu wanalalamika.

Kingine angalia pH ya Tris. TEMED ikishikwa na protoni haifanyi kazi, so pH ikiwa imeshuka sana jeli inachelewa. Tris yenyewe inacheza na joto, inashuka kama 0.03 kwa kila nyuzi moja joto likipanda, kwa hiyo ukiirekebisha ikiwa bado ya moto ikija kupoa pH inakua imepanda. Hiyo kwako sio tatizo kubwa, ila kama kuna mtu alichukua Tris ya pH 6.8 akaibandika 8.8 hapo ndio kuna maneno.

utando_nm:

Habari za humu. Mimi siyo mtu wa seli, niko Ujerumani kwenye maabara ya tando nyembamba za sumaku, lakini nimecheka mana adui wenu na adui wetu ni mmoja, oksijeni.

Sisi tunaweka kobalti unene wa nanomita 5 hivi juu ya silikoni, ndani ya chemba iliyovutwa hewa mpaka karibu na torr 10⁻⁸ (torr ni kipimo cha mgandamizo wa gesi). Watu wanauliza kwa nini mnajitesa kuvuta hivyo. Sababu ni kwamba kwenye torr 10⁻⁶, ambayo kwa mtu wa kawaida ni utupu mtupu, gesi iliyobaki inatosha kufunika uso wako wote kwa tabaka moja la atomu ndani ya sekunde kama moja tu, kama kila inayogonga inanata. Sekunde moja! Wewe unaweka kobalti kwa dakika nzima, hesabu mwenyewe inaingia takataka kiasi gani.

Mwaka wa kwanza nilisahau kuweka kofia, yaani lile tabaka la juu la platinamu la kukinga, nikatoa sampuli nikaiacha kwenye droo siku kadhaa. Kuja kuipoza ndani ya uga wa sumaku mpaka kelvini 10 na kupima, ule mchoro wa histeresisi, yaani usumaku unavyopanda na kushuka ukibadilisha uga, ambao unatakiwa ukae katikati ya sifuri umehamia pembeni wote mzima. Nikadhani mashine imeharibika, nikapima tena, hivyo hivyo. Siku mbili nzima nahangaika na waya. Msimamizi akaja akauliza neno moja tu, "kofia?" Nikanyamaza. Kobalti ya juu ilikuwa imeshakua oksidi, na oksidi ya kobalti ni antiferosumaku, yaani visumaku vyake vya ndani vinatazama pande tofauti vinafutana, inamshika jirani yake wa chini inamvuta upande mmoja.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba si kitu kipya, Meiklejohn na Bean wa General Electric walishakiona mwaka 1956 kwenye vipunje vya kobalti vilivyopata oksidi. Na baadaye watu wakakifanya makusudi, kwenye vichwa vya kusomea hadi diski kuna tabaka la antiferosumaku limewekwa kazi yake kumshikilia jirani asigeuke, jirani wa pili ndio anageuka akisoma data. IBM waliuza diski za vichwa vya aina hiyo kuanzia 1997, na ule ugunduzi wa Fert na Grünberg wa 1988, kwamba ukinzani wa umeme wa tabaka za namna hiyo unabadilika sana kwa sumaku, ulioleta habari zote hizo ukapata Nobeli 2007. Kwa hiyo oksidi yangu ya droo ina ukoo mkubwa tu, sema mimi sikuialika.

kobe_wa_bweni:

Mtu kauliza jeli ya hamira ameletewa hadi diski 😂😂 humu bwana. Chumvi ukipata majibu utuambie, mimi nipo nyuma yako miezi mitatu na msimamizi ni huyo huyo.

utando_nm:

@kobe_wa_bweni haya nisamehe, nikianza kobalti sijui kuacha. Lakini mwambie rafiki yako hata hizo protini zake za joto zilianza na ajali, mwaka 1962 Ritossa, Mwitaliano, alikua anaangalia kromosomu za inzi wa matunda, kuna mtu akawa amepandisha joto la inkubeta, akakuta kromosomu zimevimba sehemu ambazo hazikuwahi kuvimba. Haya nimeondoka kweli sasa.

chumvi_na_bafa:

Wakuu nimerudi. Nimepiga lile jaribio la sikio. Nimefunga AC, nimefunga mlango, nimeinamisha kichwa kwenye kityubu kama mganga. KIMYA. Chupa nzima ya APS imekufa, na kuangalia kwenye kibandiko kuna mwandiko wa mtu aliyemaliza masta kabla mimi sijaanza digrii ya kwanza. Kumbe kila mtu kwenye maabara alikua anaongeza TEMED kidogo kidogo kila mwaka na kuiita protokoli. Ndio huo mkono wa jeli.

Nimeazima unga maabara ya jirani, huo unapasuka kweli, raha tupu. Nimechanganya ya 10% nikaigawa kwenye vityubu vidogo nikagandisha kwenye friza, nitatoa kimoja kimoja. TEMED nimerudi mikrolita 4. Hewa nimevuta dakika 15, isopropanoli juu, AC nimezima watu wakanuna. Dakika 25 mstari umenyooka kama umechorwa na rula. Ya juu nimeipa dakika 40 ndio nikatoa kitana, visima kumi vyote vimesimama.

Nimepitisha sampuli leo. Ile bendi (mstari wa protini kwenye jeli) ya 70 kwenye seli za nyuzi 42 inaonekana kwa macho ukilinganisha na za 30, nimeipiga picha nimemtumia mama yangu, amejibu "nzuri mwanangu ni ya nini". Tatizo bendi zimejikunja, za katikati zimetangulia mbele za pembeni zimebaki nyuma, jeli nzima inatabasamu. Nilikua na haraka nikaweka volti 200 toka mwanzo.

mama_pipeti:

Hongera! Hiyo tabasamu ni joto, katikati panapata moto kuliko pembeni, protini za katikati zinakimbia. Anza na 80 mpaka rangi ya bluu ya sampuli ivuke jeli ya juu, halafu 120, na bafa ya kuendeshea weka ya baridi, hapo sasa washa AC yako.

Na lile la glavu nililosema tutarudi, akrilamaidi ikiwa bado maji ni sumu ya neva na inapita kwenye ngozi, hata iliyoganda inabaki na monoma kidogo ndani. Umesema uliinamisha kichwa kwenye kityubu, natumaini kilikua cha APS peke yake.

chumvi_na_bafa:

Cha APS peke yake mama. Ila glavu nilikua sina siku hiyo, zimeisha tangu wiki iliyopita, kesho nanunua boksi langu mwenyewe.