Tupeane uzoefu: mnaosimamia akaivu ya imeili, mnajuaje kama kweli inahifadhi?

Wakuu habari za leo. Naomba wale mnaosimamia akaivu za imeili maofisini (mifumo ya kutunza nakala za imeili zote za ofisi) tupeane uzoefu, yaliyowakuta na mnachoangalia sasa kila siku. Naanza na yangu.

Ofisi niliyokuwepo hapa Dar akaivu ilikuwa inavuta nakala za imeili zote kutoka boksi moja kwa IMAP (njia ya kusoma imeili zilizoko kwenye seva). Kila asubuhi nafungua dashibodi, sevisi kijani, natiki kwenye daftari naendelea na printa za watu. Siku wakaja wakaguzi wanataka mawasiliano yetu na sapulaya mmoja, na sheria ya kodi si inataka kumbukumbu zikae miaka 5, naingia kutafuta, imeili ya mwisho ina wiki tatu! Miguu iliniisha nguvu. Kumbe nywila ya lile boksi iko kwenye sera ya kubadilishwa kila siku 90, muda ukaisha, akaivu ikawa inagonga inakataliwa, inagonga inakataliwa, na sevisi yenyewe iko hai kabisa, imekosa tu cha kuhifadhi. Bahati imeili zilikuwa zimelundikana kwenye boksi, nikaweka nywila mpya zikavutwa mpaka alfajiri, ila boksi lenyewe lilikuwa karibu kujaa, na likijaa ndo basi tena. Tangu hapo rangi ya kijani siiamini. Naangalia imeili ya mwisho imeingia saa ngapi, kama ni muda wa kazi na nusu saa imepita kimya naanza kuchimba.

#2
Pole sana mkuu. Mimi niko Nairobi, yangu ilikuwa diski. Alati nilikuwa nimeweka ilie ikifika asilimia 85, haikulia, lakini logi zote zinasema hakuna nafasi. Napiga df -h (amri ya kuonyesha nafasi ya diski) naona karibu nusu ya diski iko wazi. Masaa mawili nimekaa hapo sielewi, mpaka jamaa mmoja akaniambia hebu jaribu df -i. 100%! Inodi zimeisha (nafasi za kuorodhesha mafaili, kila faili linakula moja), kwa sababu akaivu yetu inaweka kila imeili kama faili lake na viambatisho navyo mafaili yake, vifaili vidogo vidogo mamilioni, na kwa ext4 (mfumo wa kupanga mafaili kwenye diski) idadi ya inodi inapangwa siku ile unafomati. Ikabidi tuhamishie kila kitu kwa diski mpya ya XFS, mfumo mwingine ambao haupangi idadi hiyo mapema. Kama unachunga diski na hauchungi inodi, ongeza leo leo tafadhali.

#3
Kwetu tunatumia Postfix (programu ya seva ya kutuma na kupokea imeili) na always_bcc (mpangilio wake wa kutoa nakala ya kila imeili) kupeleka nakala kwenye akaivu. Seva ya akaivu ikazima Jumatano usiku kabla ya Pasaka, Alhamisi kila mtu anawaza safari hakuna aliyeangalia, ikaunganika na sikukuu mpaka Jumatatu. Sasa Postfix kama hujaigusa inashikilia imeili kwenye foleni siku 5 tu halafu inamrudishia aliyetuma. Jumanne asubuhi simu zikaanza, mbona imeili yangu ya Alhamisi inasema haijafika, wakati mteja aliipata, iliyorudi ni ile nakala ya akaivu! Kibaya zaidi na wateja wa nje waliotuandikia nao wakarudishiwa, wakadhani tumefunga ofisi. Nakala zenyewe tulizirudisha kutoka maboksi ya watu, zile walizofuta hatukuzipata tena. Siku hizi skripti inahesabu mailq (foleni ya imeili zinazosubiri) kila dakika 10, zikizidi 50 za kwenda akaivu napata SMS hata kama niko kijijini.

#4
Mimi naongezea la indeksi (orodha ambayo akaivu inaitumia kutafutia) maana watu wanalisahau. Umeme ulikatika, seva ikarudi, imeili zinaingia vizuri na saa ya mwisho ni sahihi, lakini ukitafuta jambo la jana unaambiwa hakuna. Mafaili yapo, indeksi ndo ilikwama. Meneja alishaanza kusema kuna mtu amefuta, na kijana wa watu akaitwa kuhojiwa. Iliniuma sana. Nikajenga indeksi upya imeili zote zikaonekana, nikaenda kumwombea radhi yule kijana mbele ya meneja. Kwa hiyo usiangalie tu kuingia, tafuta.

#5
Mnaotumia Piler (programu ya akaivu ya imeili), faili la ufunguo la piler.key mna nakala yake nje ya seva? Imeili zinahifadhiwa zikiwa zimefungwa kwa huo ufunguo, bekapu ya diski bila ufunguo hufungui kitu.

#6
@4 hapo kwenye kutafuta ndo penyewe. Mimi kila siku saa 1 asubuhi skripti inatuma imeili yenye namba ya kipekee, baada ya saa moja inaitafuta ndani ya akaivu, isipoipata napigiwa alamu.

#1 tena
@6 mkuu asante sana, hiyo naiweka leo. Ya kwako inatumwa kutoka ndani tu au na kutoka nje pia?

#6
Zote mbili. Ya nje ndo iliwahi kunishika mara mbili, ya ndani inafika vizuri kumbe zinazotoka kwa wateja hazipigwi nakala.