Tupeane uzoefu: kitabu cha anga, fizikia au maamuzi kilichokukamata, na ulikipataje hapa Uganda

Mzee wa Lindo (Ntinda)

Habari zenu ndugu zangu. Mimi ni askari mstaafu, sasa nalinda geti usiku hapa Ntinda. Miaka kadhaa iliyopita mpangaji mmoja alikuwa anahama, akaacha boksi la vitabu karibu na pipa la taka. Akaniambia, afande, chagua unachotaka, vingine vitachomwa asubuhi. Nikachukua kimoja kisicho na jalada, kwa sababu nilipokifungua katikati niliona mchoro wa koni mbili zilizogusana kwa ncha, na sikuelewa koni zinatafuta nini katika kitabu cha nyota.

Baadaye nikajua ni A Brief History of Time cha Stephen Hawking, kilichotoka 1988. Mwanzoni kabisa anasimulia kwamba aliambiwa kila mlinganyo atakaouweka utapunguza wanunuzi kwa nusu, kwa hiyo akaweka mmoja tu, ule wa Einstein, E=mc². Nilishukuru, maana masomo yangu yaliishia darasa la saba. Nilisoma kwa taa ya geti, kamusi juu ya paja, ukurasa mmoja au miwili kwa usiku. Ikafika Novemba, msimu wa senene, taa ikawavuta kwa mamia. Walianguka juu ya karatasi, nikawa nawapangusa kwa mkono na mafuta yao yanabaki. Hadi leo sura ya mashimo meusi, yale ya angani yanayomeza hata nuru, ina madoa ya senene. Ndipo nilipokaa muda mrefu kuliko pengine pote.

Lakini kilichonikamata ni jambo jingine. Bibi yangu mzaa mama alitoka Mombasa, akaolewa na mtu wa reli Jinja. Alikuwa akituonyesha kile kifungu cha nyota ndogo ndogo, Kilimia, na kusema: Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Nilipokuwa kazini Karamoja, ambako usiku hakuna taa yoyote, nilikuwa nakitafuta kila zamu. Sasa kitabu kinanifundisha kwamba nuru nayo husafiri, na unachokiona juu ni cha zamani. Nikatafuta umbali wa Kilimia: nuru yake huchukua takriban miaka 440 kutufikia. Nikahesabu kurudi nyuma. Wareno walipoanza kujenga Ngome ya Yesu kule kwa kina bibi, mwaka 1593, nuru niliyoitazama usiku ule ilikuwa na miaka michache tu njiani. Bibi hayupo tena. Nilisimama getini nikatazama juu mpaka mwenye gari akapiga honi mara tatu.

Basi nataka tusimuliane. Si lazima Hawking, si lazima anga. Vitabu vya fizikia, vya jinsi mtu anavyoamua, hata vya filamu na muziki, vyote karibu. Sharti langu ni moja: usitaje jina la kitabu ukaondoka. Tuambie ulikipata wapi, kisha toa jambo moja la ndani yake kama unavyomweleza mtu wa nyumbani. Mwaka 2022 baraza la mawaziri lilipitisha Kiswahili kiwe lugha rasmi na kifundishwe kwa lazima shuleni. Basi na haya tuyazungumze kwa Kiswahili.

Dada wa Mitumba (Owino)

Shikamoo afande. Mimi nauza mashati ya watoto Owino, mwaka wa kumi na moja sasa. Changu ni Thinking, Fast and Slow cha Daniel Kahneman. Nilikikuta ndani ya belo la nguo, kimefungwa kwenye sweta. Mtu wa Ulaya alikisahau huko, kikaja na meli.

Jambo moja la ndani. Kahneman na mwenzake Amos Tversky walikuwa na gurudumu la namba kuanzia 0 hadi 100, ila walilitengeneza kwa siri lisimame kwenye 10 au 65 tu. Mmoja wao analizungusha mbele ya watu, nao wanaandika namba iliyotoka, kisha wanaulizwa: nchi za Afrika ni asilimia ngapi ya wanachama wa Umoja wa Mataifa? Namba ya gurudumu haihusiani kabisa na swali. Lakini waliopata 10, kadirio lao la katikati lilikuwa 25. Waliopata 65 walisema 45. Walilichapisha 1974. Namba ya kwanza kuingia kichwani inakuwa nanga, na wewe ni mtumbwi, unazungukia pale pale.

Nilipolisoma hilo nilifunga kitabu. Ndiyo maisha yangu! Mwenye stoo hunitajia 950,000 kwa belo, kisha kwa sababu ni mimi anashuka hadi 820,000, nami naondoka nimefurahi kwamba nimepunguziwa. Miaka yote hiyo nilikuwa nahesabu kutoka kwake kwenda chini, sijawahi kuhesabu kutoka kwangu kwenda juu.

Sasa kabla sijaingia stoo nakaa kwenye benchi la mama wa chai. Napiga hesabu: mashati mangapi, nikiuza 3,000 kila moja, nikitoa yaliyochanika na yenye madoa, nikitoa ya kubeba na ya kodi ya meza. Namba inayobaki naiandika kiganjani kwa kalamu. Januari niliandika 740. Alipotaja 950 nilifungua kiganja nikaisoma yangu. Alipofika 820 nikafungua tena. Tulikubaliana 760. Wino ulikuwa umeanza kuyeyuka kwa jasho, lakini namba ilisomeka.

Kuna jambo limenisumbua tangu hapo. Nanga hiyo hiyo naweza kumtupia mteja. Nimeamua kwa mama anayetafuta shati la shule la mtoto nataja bei ninayoitaka kweli, basi. Akiomba nipunguze namwonyesha kola na mishono, ajue analipia nini.

Nawaachia na fumbo lake, nimeligeuza la kwetu. Kofia na kifungo chake jumla 11,000. Kofia inazidi kifungo kwa 10,000. Kifungo ni shilingi ngapi?

Tanboi wa Malaba

1,000.

Mwalimu Mutukula

Hapana ndugu yangu. Kikiwa 1,000, kofia ni 11,000, jumla itakuwa 12,000. Kifungo ni 500, kofia 10,500. Usijali, nami jibu la kwanza lililonijia ni hilo hilo lako, na nafundisha hesabu.

Tanboi wa Malaba

Asante mwalimu, nimeikubali. Siku hizi nimepanda cheo, naendesha mwenyewe, Malaba hadi Elegu. Kitabu changu sikijui jina maana kurasa za mwanzo hazipo. Ni cha kueleza Einstein kwa watu wa kawaida, nilikinunua kwa mchuuzi wa barabarani Kampala pamoja na chaja.

Ramani ya simu inanielekeza kila siku, kumbe bila Einstein ingenipoteza. Satelaiti zile ziko juu kilomita 20,200, kila moja ina saa ya atomiki. Kwa kuwa zinakimbia, saa zao zinachelewa mikrosekunde 7 kwa siku. Kwa kuwa ziko mbali na mvutano wa dunia, zinatangulia mikrosekunde 45. Toa, inabaki 38 za kutangulia. Mikrosekunde ni sehemu moja ya milioni ya sekunde, utasema si kitu. Lakini nuru inakwenda kilomita 300,000 kwa sekunde, na simu inapima umbali kwa kutumia muda huo. Zidisha. Bila kusahihishwa, kosa lingekua zaidi ya kilomita 10 kwa siku moja! Nikiwa Karuma simu ingeniambia niko porini.

Nilimweleza tanboi wangu usiku tumeegesha Kamdini, kwa kuchora vumbini. Alisema nirudie. Nikarudia mara tatu, na ile ya tatu nikaelewa mwenyewe.

Mwana wa Kibanda (Katwe)

Mimi nimekulia kwenye kibanda cha video. Mnajua hali ilivyokuwa: mabenchi, joto, shilingi mia mbili, na VJ anatafsiri filamu kwa Kiganda moja kwa moja, anawapa wahusika majina ya mitaa yetu. Filamu za vita vya angani ndizo zilikuwa zinajaza watu. Meli ikilipuka, spika zilitetemesha mabati mpaka vumbi likatuangukia.

Kisha rafiki aliyesoma nje aliniletea The Physics of Star Trek cha Lawrence Krauss, cha mwaka 1995, na Hawking huyo huyo wa afande ndiye aliyeandika dibaji. Humo mwanafizikia anachukua mambo ya filamu moja moja na kuuliza: je, hili linawezekana? Mlipuko angani hausikiki. Sauti ni hewa inayosukumana, na kule hewa hakuna. Nilihuzunika kidogo, nasema kweli. Nikaanza kufikiria kibanda kizima kimekaa kimya, meli inapasuka bila hata mnong'ono, VJ ndiye sauti pekee. Nadhani ingetisha zaidi.

Ninachokipenda katika kitabu kile ni kwamba hakiwadharau wanaopenda filamu. Kinaingilia mlango ule ule tuliouzoea. Wapo wanaosema utamaduni wa kibanda ulitupotezea muda. Mimi bila kibanda nisingefungua kitabu cha fizikia maishani mwangu.

Binti wa Nile

Yangu fupi. Tarehe 3 Novemba 2013, Pakwach, jua lilipatwa lote. Nilikuwa darasa la sita. Shangazi alitufungia ndani, nikachungulia kwenye ufa wa dirisha nikaona kuku wanakimbilia bandani mchana. Miaka mingi baadaye nikasoma kitabuni kwamba kulikuwa ni kupatwa kwa aina ya nadra: njiani mahali pengine mwezi ulionekana mdogo kidogo kuliko jua na kuacha pete, pengine ukalifunika lote. Sisi tulikuwa kwenye kufunikwa. Shangazi yangu ninampenda, alihofia macho yetu, lakini laiti mtu angekuwa na kitabu kile siku ile.

Msomi wa Wandegeya

Dada wa Mitumba, nakuheshimu sana, na la kiganja nitaliiga. Niongeze jambo kwa kuwa nasoma saikolojia. Jaribio la nanga limerudiwa na watafiti wengine mara nyingi, limesimama. Lakini ndani ya kitabu hicho kuna sura inayodai kwamba maneno madogo tunayoyaona bila kujali yanageuza mwenendo wetu. Majaribio mengi ya aina hiyo yaliporudiwa hayakutoa matokeo yale yale. Mwaka 2017 Kahneman mwenyewe, mtu mwenye tuzo ya Nobel ya uchumi ya 2002, aliandika hadharani kwamba aliyaamini kupita kiasi majaribio yaliyofanywa kwa watu wachache mno. Kwangu hilo lilikuwa somo kubwa kuliko kitabu chenyewe. Kisome, ila sura hiyo ishike kwa vidole viwili.

Dada wa Mitumba (Owino)

Asante mdogo wangu. Nimeweka alama kwa penseli.

Mwalimu Mutukula

Mnataja Wazungu tu, ngoja nivuke mpaka. Mwaka 1963 kijana wa kidato cha tatu, Erasto Mpemba, shule ya Magamba, Tanganyika, alikuwa anatengeneza aiskrimu. Akaogopa kukosa nafasi kwenye friji, akaingiza maziwa yake yangali ya moto. Yakaganda kabla ya yale ya mwenzake ambayo hayakuchemshwa. Akauliza darasani, akaambiwa amechanganyikiwa, wenzake wakamcheka. Hakuacha. Alipokuwa Mkwawa, Iringa, alimuuliza Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia kutoka Dar es Salaam aliyewatembelea. Osborne akalijaribu badala ya kucheka, na 1969 wakachapisha makala pamoja. Wanafizikia bado wanabishana kama jambo hilo hutokea kweli na kwa nini, lakini jina la Mpemba limebaki kwenye vitabu.

Naisimulia kwa sababu mimi nilipigwa. Shule moja, sitaitaja. Niliuliza kwa nini mwezi hauanguki. Nilipigwa fimbo mbili kwa kupoteza muda wa darasa. Nilikuwa na miaka kumi na nne na sikuuliza swali tena mpaka chuo. Jibu nililipata kwenye kitabu cha kuazima, na ni zuri hadi linaumiza: mwezi unaanguka wakati wote, ila unakwenda pembeni kwa kasi kiasi kwamba ardhi inajikunja chini yake na haugusi. Leo mtoto akiniuliza hilo nachukua jiwe, nalifunga kwa kamba, tunatoka nje.

Mzee wa Lindo (Ntinda)

Nimesoma zote, nyingine mara mbili. Mwalimu, pole kwa fimbo zile. Hilo la mwezi nimelijaribu hapa kwa kufuli na kamba ya kiatu, limenisaidia kuliko kurasa zangu kumi.

Dada wa Mitumba, naomba kuniazima hicho kitabu pamoja na alama zako za penseli. Zamu yangu inakwisha saa kumi na mbili asubuhi, Jumamosi naweza kufika Owino kabla hujafungua belo. Nitakuletea changu chenye senene. Na kama kuna mtu humu ameelewa pale Hawking anapozungumzia wakati wa kufikirika, aniandikie taratibu, kwa Kiswahili, nimekwama hapo tangu Pasaka.