Sangara wa zaidi ya sentimita 85: tunarudisha mama ziwani au tunarudisha mzoga?

Wakuu, salaam. Hili mwaloni, pale tunaposhushia samaki, tunalinong'ona tu, leo naliweka hadharani.

Kanuni mnaijua. Nchi tatu za Ziwa Victoria zilikubaliana kwamba sangara wa kuvuliwa awe kati ya sentimita 50 na 85. Wa chini ya hapo bado mtoto. Wa juu ndiye mama: majike huchelewa kukomaa, na jike kubwa hubeba mayai kwa mamilioni. Hoja ya wataalamu siipingi. Ninachouliza ni kimoja: huyo mama anafika kwenye futi kamba akiwa na hali gani?

Nimekaa mtumbwini miaka minne. Nyavu tunatega jioni, tunaopoa alfajiri. Sangara akinasa saa tatu usiku, uzi ukambana mashavu yasifunguke, saa kumi na moja ni kitoweo. Unampima, sentimita 110, unaambiwa rudisha. Narudisha nini?

Wa ndoano mara nyingi huja hai, ila naye ana yake. Ukimvuta haraka kutoka kina kirefu, hewa ndani ya bondo, ule mfuko wake wa kuelea, inapanuka na hana mlango wa kuitolea. Tumbo linavimba kama ngoma, na mfuko wa chakula unasukumwa hadi mdomoni. Wapo wanaoutoboa wakidhani ndilo bondo. Sivyo, ule ni mfuko wake wa chakula, ukiutoboa umemmaliza. Ukimwachia hivyo hivyo hawezi kuzama. Anaelea ubavu mpaka furukombe amwone.

Msimamo wangu: kikomo cha juu kihamie kwenye zana. Kila siku tunahubiriwa jicho la wavu lisiwe dogo kuliko kiwango. Tuweke na kikomo cha ukubwa wake, jike kubwa ligonge wavu na kugeuza kichwa. Kumpima akishakufa ni kupima maiti sanda. Mnasemaje?

Mchangiaji wa Musoma:
Mkuu, nakubali nusu. Siku utakayoruhusu aliyekufa auzwe, kila mkubwa atafika mwaloni amekufa. Rungu liko mitumbwi mingapi? Na usizunguke bondo kana kwamba ni kiungo tu cha kuogelea. Kilo ya bondo inaiacha mbali sana kilo ya minofu, na majike makubwa ndiyo yenye mabondo ya maana. Soko la China halikuulizi alikufa usiku au alipigwa asubuhi. Kanuni mbovu yenye kizuizi ni afadhali kuliko kanuni nzuri yenye mlango wazi.

Mchangiaji, naongoza watalii Murchison, Uganda:
Ndugu zangu wa Tanzania, samahani kwa Kiswahili changu. Sisi huku chini ya maporomoko tunawaachia wakubwa na wanaondoka. Lakini Nile pale maji si ya kina kama ziwani, yanakimbia na yana hewa, na mvuvi ana ndoano moja. Samaki habebwi juu juu kwa taya, uzito wote unaning'inia kwenye shingo. Mkono mmoja kwenye taya ya chini, mwingine chini ya tumbo, mikono imelowa, na picha ipigwe akiwa majini. Vidole usitie kwenye matamvua. Pia jihadhari na kifuniko cha shavu, kina miba inayochana kiganja. Ndoano toa kwa plaizi, ikiwa imeingia sana kata uzi. Halafu mshike akielekea mkondo hadi apige mkia mwenyewe. Kwa aliyevimba, wavuvi wa michezo kwingine humshusha kwa kamba yenye uzito hadi kina alikotoka, hewa ikasinyaa ndipo wakamwachia. Sasa niambieni, mtumbwi wenye ndoano mia kadhaa, wimbi limepanda, nani atafanya hayo yote?

Mchangiaji mwingine:
Mimi nawashangaa wote. Sangara aliletwa ziwani miaka ya 1950 na 1960, akawafyeka furu, wale samaki wadogo wa asili, leo tunamtungia sheria ya uzazi! Vueni wakubwa waishe, furu wapumue.

Mleta mada:
Nianze na wa mwisho. Furu nawapenda, na bibi yangu alikuwa akiwakausha. Ila sangara akiisha, kiwanda kinafungwa, hata mama anayekaanga mapanki, yale mifupa yanayobaki kiwandani, anakosa ya kukaanga. Hilo lianzishiwe mada yake.

Wa Murchison, asante, umenisaidia kuliko ulivyokusudia. Maelezo yako yanawezekana kwa samaki mmoja na watu watatu. Kwetu ni kinyume. Hata hivyo kukata uzi kwa jike la ndoano lililo hai, kabla halijapanda mtumbwini, ni sekunde tu. Na kuna faida nyingine: sangara wa kilo arobaini akitupatupa kwenye mtumbwi mwembamba anaweza kuwamwaga wote ziwani.

Wa Musoma, kwenye rungu umenibana. Nimewaza tangu jana. Labda mkubwa aliyekufa wavuni ashushwe, minofu iuzwe, lakini bondo lisiwe la mwenye mtumbwi. Liende kwa kikundi cha ulinzi wa mwalo, hesabu ibandikwe ukutani. Rungu litakosa kazi. Tajiri wangu, mwenye mtumbwi, akisoma hapa, na mimi pia nitakosa kazi.