Sampuli nzuri, mzigo una ladha ya gunia

Swali: Tunakaanga kahawa, na buni tunanunua shamba moja la familia kila msimu. Sampuli huwa safi, lakini mzigo ukifika una ladha ya gunia. Turekebishe nini?

Jibu: Unyevu upimwe kabla ya kufunga: asilimia 10 hadi 12. Ukizidi hapo, ukungu. Ndani ya gunia wekeni mfuko usiopitisha hewa. Sampuli ya gramu 300 ichotwe kwenye magunia yaleyale yanayosafirishwa, si buni iliyochambuliwa kwa mkono.

Jibu: Angalieni malipo pia. Familia isiyo na fedha za wachumaji huchuma mbivu na mbichi pamoja, kisha huanua buni mapema, kabla haijakauka vizuri, ili iuze haraka. Lipeni sehemu kabla ya mavuno.